Sahani Mbili Barazani

Theluji ikiingia kwenye nyumba yenye moto huyeyuka. Hilo halihitaji shule. Hata mtoto wa chekechea kule Akalla, pembeni ya Stockholm, anajua kwamba usipokung'uta viatu mlangoni, baada ya muda mfupi kutakuwa na kidimbwi sakafuni na mama atakufokea. Sasa niambieni nyie wenye akili: kwa nini asubuhi ile, siku mbili baada ya Krismasi, Adrienne alikuta nyayo mbili za theluji kwenye zulia la mlangoni, hatua nne tu kutoka kwenye jiko la kuni lililowaka usiku kucha, na zote mbili bado nyeupe na kavu kama unga wa muhogo?

Alizifagia, akazitupa nje, akanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kosa, lakini tusimlaumu mapema. Mtu aliyekimbia vita akianza kushtukia kila kitu hataishi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, nyekundu, pembeni ya msitu. Unashuka treni ya kijani Hässelby, mwisho wa reli, unapanda basi, kisha unatembea dakika ishirini. Haikuwa yao. Ilikuwa ya bibi Gunvor, kikongwe wa miaka tisini na mmoja ambaye Adrienne alimhudumia miaka minne, akimwogesha, akimpaka miguu mafuta na kumsikiliza hadithi zake. Mwaka huo wa 2010, bibi alipohamia nyumba ya wazee, alimkabidhi Adrienne ufunguo.

"Kaeni humo likizo ya Krismasi, nyumba isipoe," alisema. Kisha akamshika mkono, akaubana. "Nakuomba jambo moja. Mkesha wa Krismasi weka bakuli la uji kizingitini. Usitie chumvi, tia siagi. Ni wa wenye nyumba, wakubwa na wadogo. Na usitaje jina la mtu yeyote juu ya chakula chao. Weka, geuka, ondoka."

"Mwenye nyumba si wewe, bibi?"

"Mimi?" Gunvor akacheka, meno ya bandia yakacheza. "Mimi nilikuwa mpangaji tu."

Adrienne aliitikia, kama tunavyowaitikia wazee ili wapate usingizi. Moyoni alisema, ashindwe! Yeye mlokole, mwimbaji wa kwaya, atoke Butembo, Kongo, mpaka Sweden aje kulisha mizimu ya Wazungu? Mkesha ulipofika aliimba, akasali, akalala. Uji haukupikwa.

Na tuseme ukweli, walikuwa na raha. Kule Akalla waliishi ghorofa ya saba, lifti inalia, jirani wa juu anaburuta viti, jirani wa chini anagonga bomba. Hapa palikuwa na kimya. Saa tisa alasiri giza linaingia, kinara cha taa saba kinawaka dirishani, kuni zinaitika jikoni, mandazi yanatoka mafutani, na wewe umevaa soksi za sufu na kikombe cha kahawa mkononi huna pa kwenda. Adrienne alikuwa akizima redio ili tu asikilize. Miaka kumi na miwili hakuwahi kusikia kimya bila kukiogopa, na sasa alikisikia, akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Watu wake walikuwa wawili tu duniani, wengine walikwisha. Wa kwanza ni Zacharie, mumewe, dereva wa basi la mjini, ambaye hakupata likizo. Wa pili ni Aurore, binti yao wa miaka tisa, aliyeshinda kutwa akiteleza kilimani kwa kibao na Lina, binti wa nyumba ya jirani. Dosari ya Aurore ilikuwa moja. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri sana, kisha anakujibu Kiswidi.

"Wewe mtoto, ulimi wako nitaupeleka kwa fundi," Adrienne humwambia.

"Men mamma," Aurore hujibu, yaani lakini mama, kisha anakimbia zake. Na Adrienne hubaki akiomba kimoyomoyo kwamba siku moja, siku moja tu, mtoto huyu amwitikie kwa lugha yao.

Sasa tuje kwenye sahani.

Wakati wa vita Zacharie alipotea miaka mitatu. Kambini Adrienne alikuwa akigawa chakula, kidogo kilivyo, na kila jioni anamwekea mumewe sahani yake, anaifunika, anaita juu yake: "Zacharie, chakula chako hiki. Rudi ule." Mchana na usiku alimtaja kama "mwenzangu" tu, kama mke mwenye adabu; jina lenyewe alilitaja juu ya sahani tu. Watu walimwona amechanganyikiwa. Dada yake, Kahindo, alimwambia aigeuze ile sahani kifudifudi, aanze matanga. Hakuigeuza. Na mwaka wa tatu mtu mmoja mwembamba, ndevu mpaka kifuani, akaja mlangoni pa hema akauliza kama chakula chake bado kipo. Basi nani angemwambia Adrienne aache? Aliendelea hata Sweden, kila siku mumewe akiwa kazini.

Jikoni kwa Gunvor palikuwa padogo na moto ulikuwa mkali, hivyo sahani akaiweka kwenye baraza ya vioo pale mlangoni, ambako baridi hulinda chakula kuliko friji. Ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Bila chumvi, maana daktari alishamkataza Zacharie kwa ajili ya presha. "Zacharie, chakula chako hiki. Rudi ule." Na kuanzia siku ile ya nyayo, kwa kuwa Aurore naye alianza kukosa chakula cha mchana kwa ajili ya kibao chake, akaweka sahani ya pili, ndogo. "Aurore, chakula chako hiki. Rudi ule."

Mnaona alichofanya? Yeye hakuona.

Jioni hiyo Zacharie aliingia saa kumi na mbili, masharubu yameganda.

"Niletee chakula changu, mama Aurore, tumbo linanguruma."

Adrienne alikwenda barazani. Vifuniko vilikuwa mahali pake, vimekaa sawa. Chini yake sahani zote mbili zilikuwa tupu na safi, zinang'aa kuliko alivyoziosha.

"Umeshakula, unanitania."

"Nimekula wapi? Ndio kwanza naingia."

"Basi nani?"

"Labda mbweha."

"Mbweha wa Sweden anarudisha kifuniko?"

Wakamtazama Aurore. "Inte jag," alisema mtoto, si mimi, akiwa amejaza mdomo mkate. Wakacheka, lakini Adrienne alicheka nusu. Alimtazama mumewe akivua koti na kujiuliza kwa nini mtu mzima adanganye kuhusu sahani ya sombe. Wasiwasi ukishapata kiti haunyanyuki.

Kesho yake Zacharie alirudi mapema, saa tisa na nusu. Adrienne alifurahi. Mumewe alikaa karibu na jiko bila kuvua koti, sahani yake mapajani, akala taratibu mpaka tonge la mwisho, kichwa chini.

"Leo wamewaachia mapema?"

"Eeh."

"Na huko nje?"

"Baridi," alisema, na kwa namna alivyolitamka ungedhani anataja kijiji chao. Akasimama. "Nakwenda kuleta kuni."

Harufu aliyoiacha haikuwa ya dizeli na sabuni ya kazini. Ilikuwa ya chumba kilichofungwa muda mrefu, chenye udongo uliolowa. Adrienne alingoja kuni. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na mbili mlango ukafunguka, Zacharie akaingia anatetemeka na mkoba wa kazi begani.

"Kuni ziko wapi?" alimuuliza.

"Kuni gani tena?"

"Baba Aurore, ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Kwenye usukani! Una nini wewe?"

"Ulikaa hapo, ukala!"

Wakagombana, ugomvi mbaya wa kunong'onezana ili mtoto asisikie. Adrienne alimwambia mumewe ana mwanamke huko njiani, kwa nini anakuja na kutoka kama mwizi? Zacharie akaapa kwa marehemu mama yake, kisha akamtazama mkewe kwa macho ya huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuuma zaidi. Zacharie alidhani mkewe anaanza kurukwa na akili. Adrienne alipoinama kuficha machozi aliona zuliani nyayo mbili nyeupe, mpya, hazina dalili ya maji. Pembeni yake viatu vya Zacharie vilikuwa vimeshaanza kutengeneza kidimbwi.

Siku ya tatu asubuhi alimpigia simu Mzee Khamis. Huyu alikuwa mtu wa Pemba, akiishi Fisksätra, naye alihudumia wazee kama yeye. Kila chakula cha mchana walitaniana, yeye akimwita Adrienne "mama haleluya," Adrienne akimwita "mganga mstaafu." Alimsimulia yote, akitaraji kicheko. Khamis hakucheka.

"Chakula ulitia chumvi?"

"Hapana. Presha."

"Na jina ulilitaja."

"Nililitaja. Kila siku nalitaja."

Upande wa pili alisikika akivuta pumzi. "Mama Aurore, nisikilize. Majini hula kisicho na chumvi. Wenyewe walikuwa wanangoja haki yao hapo mlangoni, hukuwapa, halafu ukawaandalia meza na kuwaita kwa jina la mumeo. Mwenye njaa akiitwa anaitika. Nani atamlaumu?"

"Mimi nimeokoka, mzee."

"Okoka, lakini tia chumvi. Leo. Mtu wako atalamba, yule mwingine hatalamba kamwe. Na watu wako wote wakishaingia, mwaga chumvi kizingitini, mstari mmoja usiokatika. Wa nje haingii, wa ndani hatoki. Kwanza uhakikishe, umenisikia? Hakikisha nani yuko ndani."

Aliahidi. Akatia chumvi kwenye sombe mpaka mkono ukaogopa.

Saa tisa kasoro, giza likiwa ndio linashuka, Aurore aliingia. "Mama, nimerudi," alisema kwa Kiswahili. Adrienne aligeuka na mwiko mkononi. "Ulikuwa unapika? Pole na kazi, mama. Naingia kupumzika." Akapita chumbani na kofia yake kichwani. Adrienne alisimama pale akitabasamu peke yake kama mjinga. Katikati ya balaa lote hilo, Mungu amemkumbuka kwa kitu kidogo! Alitaka kumfuata amkumbatie, lakini mlango wa mbele ulikuwa umeshafunguka tena.

Zacharie aliingia, akakaa karibu na jiko, na koti lake.

Adrienne alimpa sahani. Kifuniko kilikuwa bado juu yake. Mtu yule hakufunua. Aliweka sahani sakafuni, akaisukuma mbali kwa ncha ya kiatu.

"Daktari amenikataza chumvi, mke wangu."

Ni kweli, daktari alikataza. Ni kweli, Zacharie ni mtiifu kwa daktari kuliko kwa mchungaji. Lakini hakuonja, hakufunua, na katika miaka kumi na sita ya ndoa hajamwita hata mara moja mke wangu. Hapo simu ikalia mfukoni mwa Adrienne, naye akaishika, akaona jina la mumewe kwenye kioo, akaipeleka sikioni huku macho yake yakiwa kwa mtu yule aliyekaa na mikono magotini, mikono tupu, isiyo na simu, mabega yamejaa theluji ambayo moto wa jiko ulikuwa ukiiangaza vizuri na kuiacha ilivyo, na sauti ya Zacharie ikamwambia kwa haraka, upepo ukipiga nyuma yake, kwamba leo wamewaachia mapema, basi la kijijini limekwama, anatembea kwa miguu, ameshaliona dirisha lenye taa saba, na tafadhali amchemshie chai.

Mtu wa jikoni akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Mtu wa kanisani," alisema Adrienne, na akashangaa sauti yake bado ipo.

"Usimfungulie."

Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa mlango wa mbele. Kopo la chumvi lilikuwa chini ya kwapa lake. Hakujua alilichukua lini. Barazani hatua nzito zikapanda, mlango ukagongwa mgongoni kwake.

"Mama Aurore! Fungua, masikio yanakatika!"

Mtu wa jikoni alisimama. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana alipokaa, mrefu kuliko Zacharie, kichwa kilikaribia dari. "Huyo siye," alisema kwa sauti ya mumewe. "Adrienne, mimi nilirudi. Uliniita nikaja. Yule aliyetoka porini na ndevu, uliwahi kumuuliza alikotoka?"

Kweli, hakuwahi kumuuliza. Aliogopa jibu, akampa sahani yake akashukuru.

Alifungua mlango upana wa mnyororo tu, akapitisha kijiko kilichojaa chumvi. "Lamba!"

"Nini?"

"Lamba, baba Aurore, kama unanipenda!"

"Ebo! Na presha yangu? Baridi hii? Mwanamke, umerukwa na..." Kijiko kikavutwa mkononi mwake. Halafu kikohozi, na kutema mate, na matusi ya Butembo ambayo hawezi kuyajua jini yeyote wa msituni. "Nimelamba! Nimemaliza kijiko kizima! Unataka nilambe na kopo?"

Adrienne alicheka, akalia, akavuta mnyororo. Zacharie aliingia na baridi yake yote, anakohoa, anatafuta maji, na mkewe akamkamata shingoni akawa hamwachii. Alipothubutu kutazama jikoni, kiti kilikuwa kitupu. Sahani ilikuwa pale sakafuni na chakula chake. Chini ya kiti nyayo mbili za theluji zilianza, kwa mara ya kwanza, kuyeyuka.

"Bwana asifiwe," alinong'ona.

"Amina," alisema Zacharie, ambaye hakujua anaitikia nini. "Sasa nieleze."

"Ngoja kwanza." Alifunga mlango, akafunga na mnyororo. Akahesabu watu wake, na kuhesabu kulikuwa kufupi: baba huyu hapa, mtoto chumbani. Akapiga magoti akamwaga chumvi kizingitini kutoka pembe hadi pembe, nene kama kamba, wa nje asiingie, wa ndani asitoke. Kopo likaisha. Akakaa chini sakafuni akaegemea miguu ya mumewe, na ile raha ya kimya ikamrudia, kuni zinaitika, taa saba zinawaka, watu wake wawili wako ndani.

"Mama," ikasema sauti kutoka chumbani. "Mbona umemwaga chumvi mlangoni?"

Zacharie akapiga makofi. "Sikia, sikia! Huyo ni Aurore? Hicho ni Kiswahili cha mtoto wangu? Njoo hapa, mama, njoo umsalimie baba yako!"

Adrienne hakupiga makofi. Alikuwa akitazama zulia. Viatu vikubwa vya Zacharie vilikuwa vinavuja maji, vizuri, kama inavyotakiwa. Kando yake, kutoka mlangoni kuelekea chumbani, kulikuwa na nyayo ndogo, moja, mbili, tano, saba, za tangu saa tisa. Zilikuwa nyeupe. Zilikuwa kavu.

Akakumbuka sahani ya pili.

Wakati huohuo mlango uligongwa, chini kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika.

"Mamma?" Kibao cha kutelezea kilisikika kikiangushwa barazani. "Mamma, öppna! Jag fryser!" Ilikuwa sauti ya Kiswidi, ya kununa na kutetemeka, sauti ya mtoto anayesema afunguliwe, anasikia baridi na hataki kungojeshwa, ile ile ya kila siku iliyomkera.

Adrienne alinyoosha mkono kwenye mnyororo. Kabla hajaufikia, vidole vidogo vikamshika kiganja, baridi yake ikapanda mpaka begani. Zacharie alikuwa bado anatabasamu.

"Usimfungulie, mama," kikasema kile kilichomshika, kwa Kiswahili safi, taratibu. "Huyo hata lugha yetu haijui."